Moja Yenye Pua

Mara ya kwanza nilipomwona baba yake Cheche akifanya kazi, alikuwa anachora herufi O kwenye kibao cha duka la dawa. Hakutumia bikari wala sahani ya kuzungushia. Aliegemeza kifundo cha mkono kwenye kijiti, akavuta pumzi, akaizungusha brashi mara moja tu, na ile O ikafunga pale pale ilipoanzia. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Nimechora maduara ubaoni kwa miaka sita na yote yametoka kama viazi. Nilisimama mlangoni pa karakana nikiwa nimesahau hata kubisha hodi.

Mtu huyo huyo ndiye aliyekuwa anazuia nisiolewe na mwanawe.

Mtaa mzima ulimwita Nukta, kwa kuwa kila kibao alichokichora, hata kiwe cha neno moja, alikimaliza kwa nukta. BUCHA. KINYOZI. Alipoulizwa sababu alijibu kwamba neno lisilofungwa mtu mwingine anaweza kuliendeleza apendavyo.

"Umesimama muda mrefu," alisema bila kugeuka. "Karibu, Mwalimu. Kaa kwenye kigoda cha kijani. Cha njano hakijakauka."

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Nikakaa. Ilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri, saa aliyoniitia. Kushoto kwangu kulikuwa na mbao zilizopakwa rangi nyeupe ya kwanza, zikisubiri maneno. Pembeni, karibu na dirisha, mkewe alikuwa kwenye cherehani akishona sare za shule, na mguu wake haukukoma kukanyaga hata aliponipa mkono. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Huko uani nilimwona Cheche ameinama juu ya fremu ya chuma, mwanga wa buluu ukimrukia kifuani. Jina lake la kuzaliwa liliachwa tangu siku aliposhika mashine ya kuchomelea.

Akainua kinyago chake usoni. Tukatazamana.

Siku ishirini na tatu tulikuwa hatujazungumza. Baba yake alimwomba tusionane mpaka aseme neno lake, naye akatii. Utii huo ulinikera sana. Pia ulinifanya nimpende zaidi, kwa sababu nilijua kwamba mtu anayeshika ahadi inayomuumiza hataivunja iliyo nyepesi. Katika siku hizo zote nilimwona mara moja tu, alipokuja kuunga bawaba za geti la shule yetu. Nilipita na madaftari ya darasa la sita. Alizima mashine nipite, cheche zisinifikie, na akasimama hivyo, mkono ukiwa kwenye swichi, mpaka nilipoingia darasani.

Acha nieleze tulivyofika hapo. Siku ya uchaguzi nilikuwa karani wa kituo namba 57, ndani ya darasa ninalofundishia. Nukta alikuwa wakala wa chama chake, kile ambacho redioni hukiita chama cha wazee. Jioni tulihesabu kura juu ya madawati ya watoto. Mimi nilisoma matokeo kwa sauti, mawakala wakayanakili, nikaandika fomu, nikatia saini, nikaifunga bahasha. Mgombea wao alipata kura 203. Mpinzani wake alipata 214. Siku mbili baadaye makao ya jimbo yalitangaza hesabu ya kituo kimoja kimoja, na kwenye kituo chetu yule mpinzani alikuwa na 274.

Wiki iliyofuata Cheche alinipeleka kwao kunitambulisha. Baba yake aliniangalia uso mara moja tu, akanikumbuka.

"Nimempigia mjomba wako mara tatu," Nukta alisema, sasa akiifuta brashi kwa kitambaa.

"Mjomba hajaniambia, baba."

"Hawezi kukuambia. Mara ya kwanza alipokea mwanamke. Nikamsalimu kwa adabu zote, nikaomba kuongea na mwenye nyumba. Akasema mwenye nyumba ni yeye, na kama nataka godoro la futi sita amebakiwa na moja."

Kwenye cherehani mama alikohoa. Nilijua si kikohozi.

"Mara ya pili nikajieleza vizuri. Nikasema mimi ni baba wa kijana fulani, nina neno juu ya binti yenu. Akasema yeye hana binti, ana magodoro. Mara ya tatu akaniambia, mzee, kama una upweke nunua redio."

"Alikushauri vyema," mama alisema. "Ya kwetu imeharibika."

Nukta hakucheka. Nikamuuliza, "Ulitaka kumwambia nini mjomba?"

"Kwamba sitaleta posa."

Alilisema hilo kwa utulivu kabisa, kama mtu anayetaja kipimo cha ubao. Huko uani mashine ya kuchomelea ilinyamaza.

"Mtoto wa watu hakataliwi kwa kutumiwa salamu," akaendelea. "Nilitaka mjomba wako aisikie sauti yangu mwenyewe, aniulize sababu, nimpe. Ndiyo adabu."

Nilimtazama nikashindwa hata kukasirika. Mtu huyu alikuwa ameambiwa anunue godoro, ameambiwa anunue redio, na bado alipiga mara ya tatu ili anikatae kwa heshima. Wanaume wawili walishawahi kuniacha kwa ujumbe wa simu, mmoja wao akikosea na herufi za jina langu.

"Basi nipe sababu mimi," nilisema.

"Sababu unaijua. Ulitusomea mia mbili kumi na nne. Niliandika mia mbili kumi na nne. Jimboni ikafika mia mbili sabini na nne. Bahasha uliifunga wewe."

"Niliifunga ikiwa na mia mbili kumi na nne."

"Ndivyo unavyosema."

"Ndivyo ilivyokuwa, baba."

"Waliotiwa alama kwenye daftari la wapiga kura ni watu mia nne thelathini na wawili. Kura zilizotangazwa, pamoja na kumi na tano zilizoharibika, ni mia nne tisini na mbili. Wewe ndiye mwalimu wa hesabu. Hao sitini walikuja kwa miguu gani?"

Swali hilo nilijiuliza kila siku nilipoingia darasani na kuyaona yale madawati. Nikasema jambo ambalo watu wote walikuwa wakilisema mtaani: kwamba mshindi wa jimbo aliongoza kwa kura elfu mbili na mia tatu, na sitini hazibadilishi lolote.

"Hilo najua," Nukta alisema. "Sisi pale mlangoni petu tulishindwa. Kwa kura kumi na moja. Nilirudi nyumbani nikamwambia mke wangu, tumeshindwa kwa kumi na moja, tukala, tukalala. Ukishindwa kwa kumi na moja umeshindwa na jirani yako, na asubuhi mnasalimiana. Ukiambiwa umeshindwa kwa sabini na moja, unaambiwa hupo."

Akaweka brashi chini. Mikono yake ilikuwa na madoa ya rangi ambazo nadhani hazikuwahi kutoka zote tangu ujana wake.

"Redioni wanasema tumelala. Tunataka nini sisi? Mtoto aamkie wakubwa. Mtu akioa, akae na mkewe. Duka lifunguliwe saa iliyoandikwa mlangoni, kwa maana saa hiyo niliichora mimi, na mwenye duka asinifanye mwongo. Kiongozi akisema jambo leo, kesho alikumbuke. Hayo ndiyo wanayoyaita usingizi. Sawa, watucheke. Lakini watuhesabu."

"Mngekwenda barabarani kama wengine," nilisema. Nilitaka kujua, sikuwa namchokoza.

"Vijana walitaka. Mwenye bucha alitaka zaidi ya vijana. Nikawaambia mwenye duka harushi mawe, anajua kioo kinavyowekwa. Tumeandika malalamiko. Leo saa kumi kamati ya tawi inakuja hapa kuyamalizia. Na jina lako limo."

"Limo kama nani?"

"Kama karani. Mwenye bucha anataka liandikwe neno mwizi. Mimi sijakubali bado."

Hapo nikaelewa nilichoitiwa. Alikuwa amenipa saa nzima ya kujitetea kabla jina langu halijapelekwa mbele za watu. Naye hakuwa amenidanganya kwamba ni kikombe cha chai tu.

Cheche aliingia kutoka uani, kinyago kimepandishwa juu ya paji la uso, shingo ikimetameta kwa jasho.

"Baba, naomba kusema."

"Vua hicho kichwani kwanza."

Akakivua. Akasimama katikati ya chumba, kati ya baba yake na mimi, akiwa amekishika kinyago kwa mikono miwili.

"Nitamwoa," alisema.

"Bila mimi?"

"Sijasema bila wewe. Bila wewe sitaki. Bila yeye siwezi."

Hakunitazama alipokuwa akisema hivyo. Alimtazama baba yake, na sauti yake haikupanda wala kushuka. Nilihisi uso wangu umewaka, nikainamisha kichwa kama ninatafuta kitu sakafuni. Cherehani ilikuwa imesimama.

"Umekua," Nukta alisema polepole. "Lakini na wewe fikiri. Watu wanaotaka kuposwa wanatoa namba ya simu ya muuza magodoro? Hiyo ni dhihaka. Nilimstahi mjomba wake, wao wakanichezea."

"Namba niliandika sahihi," nilisema.

Akatoa karatasi ndogo mfukoni mwa shati. Niliitambua. Ilikuwa nusu ya ukurasa wa daftari langu la maandalio, niliyompa Cheche siku ile ya utambulisho.

"Isome kwa sauti, baba. Tafadhali."

Akavaa miwani, akasoma tarakimu moja moja kama mtu anayehakiki kibao. Mwishoni akafika: "nne, saba, saba."

"Nne, moja, moja," nilisema.

"Hizi ni saba."

"Ni moja. Zina pua tu. Saba yangu mimi ina mkanda."

Nukta akanitazama juu ya miwani. Nikachukua penseli iliyokuwa juu ya meza yake na kipande cha mbao nyeupe. Nikaandika moja kama ninavyoiandika siku zote: mstari wima, na kutoka kichwani mwake mstari mwingine unaoteremka kwenda kushoto, mrefu. Kando yake nikaandika saba, nikaikata kiunoni kwa kistari.

"Mama yangu alikuwa mtoa dawa hospitalini," nilisema. "Alifundishwa kuandika hivi, naye akatufundisha. Kwake moja ikifanana na saba, mgonjwa anakufa. Nami nawafundisha watoto hivi hivi. Miaka sita hakuna aliyewahi kunielewa vibaya."

"Wangekuelewaje vibaya," mama alisema kutoka dirishani, "na wote wamejifunza kwako?"

Hakukuwa na kejeli katika sauti yake. Lakini nilipolisikia swali hilo, nikaikumbuka fomu niliyoijaza kwa mkono huu huu. Nukta alikuwa amekwisha kufika mahali nilipokuwa nakwenda. Alisimama, akafungua saraka ya meza, akatoa karatasi kubwa iliyokunjwa mara nne. Akaifungua juu ya ubao wa duka la dawa bila kujali kwamba rangi ilikuwa mbichi.

Ilikuwa picha ya fomu yangu. Makao ya jimbo yalikuwa yamezitoa picha za fomu zote, lakini aliyeipiga ya kituo chetu aliukata upande wa kulia, ule nilioandikia hesabu kwa maneno. Nukta aliipeleka kwa wapiga picha wakaikuza mpaka kila tarakimu ikawa kubwa kama kiganja.

"Hii niliionyesha kamati," alisema. Kidole chake kilisimama juu ya tarakimu ya katikati. "Nikawaambia, tazameni, hii ilikuwa moja, mtu ameiongezea pua ikawa saba. Nimesoma miandiko ya watu kwa miaka thelathini na minne. Niliwaambia pua hii ilikuja baadaye."

Nilikuwa sijawahi kuiona ile picha. Niliiona sasa, na nilikuwa kama mtu aliyekutana na sauti yake mwenyewe kwenye kinasa sauti.

"Pua hiyo ni yangu," nilisema.

Nikapandisha kidole hadi juu ya karatasi.

"Tazama juu kabisa, baba. Namba ya kituo. Hamsini na saba niliandika mimi, kalamu ile ile."

Akainama. Miwani yake ilikaribia kuigusa karatasi. Saba ya namba ya kituo ilikuwa na mkanda kiunoni, umenyooka, mweusi, haubishaniwi. Akaitazama. Akarudi kwenye tarakimu ya katikati. Akatazama kipande cha mbao nilichokiandika, akakichukua, akakiweka juu ya picha, kando kwa kando. Mimi, Cheche na mama tulingoja. Nilimwona mtu akiikagua imani yake ya wiki tatu kwa jicho lile lile analokagulia kazi ya mteja, bila kuionea huruma.

"Mkanda," alisema mwishowe.

"Anayechapa kule jimboni hanijui," nilisema. "Aliona pua akachapa saba. Maneno hawayachapi, na mashine inajumlisha yenyewe. Hakuna aliyeongeza kitu. Kosa ni langu."

Nilipolisema neno hilo la mwisho ndipo nilipokumbuka tangazo la mwalimu mkuu. Lilikuwa limebandikwa chumba cha walimu tangu wiki ya kwanza: mwalimu yeyote atakayejihusisha na mabishano ya matokeo atahamishiwa mbali, bila rufaa. Mwenzetu mmoja alikuwa amekwisha kuondoka na godoro lake juu ya lori.

Nje kulisikika sauti na vicheko. Kamati ilikuwa imefika, saa kumi kamili, watu kumi na mmoja. Walifuta viatu mlangoni. Wanaume walivua kofia, wakamwamkia mama kwanza, kisha Nukta. Niliwahi kuwadhania watu hawa kuwa kundi la wasioweza kukubali kushindwa. Sasa nikaona mmoja wao anafungua daftari la kumbukumbu, mwingine anauliza nani hayupo na kama ametoa udhuru, na kila mmoja anajua mahali pake pa kukaa. Mwenye bucha, mtu mnene mwenye vidole vifupi, aliniona, akauma meno.

Cheche alinishika kiwiko akanivuta uani. Ni mara ya kwanza kunigusa kwa siku ishirini na tatu. Mkono wake ulinuka chuma cha moto.

"Nyamaza," alininong'oneza. "Mzee ameshaelewa. Atalitoa jina lako, yatakwisha."

"Na zile sitini?"

"Zibaki. Hazina mwenyewe."

"Zina mwenyewe. Ni mimi."

"Watakuhamisha."

"Labda."

Alinitazama. Ana macho ambayo weupe wake una wekundu kidogo, kwa ajili ya kazi, na ukimtazama karibu unadhani ametoka kulia. Safari hii sikuwa na hakika kwamba ni kazi.

"Mageti yako kila mahali," alisema. "Popote watakapokupeleka nitapata la kuchomelea. Lakini hujaniuliza."

"Nilikuwa naogopa kukuuliza."

"Basi usiogope. Ingia."

Tuliporudi ndani Nukta alikuwa amesimama. Ile picha ilikuwa imebandikwa ukutani, na kipande changu cha mbao amekishika mkononi.

"Niliwaambia kwamba pua hii imeongezwa," alisema. "Nilikosea. Mwenye mkono huu ni huyu binti, na ndivyo mkono wake unavyoandika. Saba yake ni ile pale juu, ina mkanda. Aliyechapa ndiye aliyesoma vibaya. Namba ya jimbo ni mbovu, kama tulivyosema. Mwizi hayupo, na mimi ndiye niliyewaambia yupo. Mnisamehe."

Hakuongeza hata neno la kujipoza.

Mimi huwafundisha watoto kwamba uthibitisho hausikilizi mtu anataka nini. Huwa nalisema hilo nikiwa na chaki mkononi, na halinigharimu kitu. Kabla ya alasiri ile sikuwa nimemwona mtu akilisema mbele ya wenzake wa miaka mingi, dhidi yake mwenyewe, huku wakimtazama.

"Nukta," mwenye bucha alisema, "wiki tatu unatuambia wizi."

"Nilisema fomu imeguswa. Haikuguswa."

"Kwa hiyo sisi wote tumekosea? Tukubali tu, tumeshindwa nchi nzima?"

"Nchi nzima sikuwepo. Kuna vituo vingine vina maswali yake, na waliokuwepo wayaulize, na wajibiwe. Msimamo wangu juu ya nchi hii haujahama hata inchi moja. Ninachosema ni cha mlango wetu."

"Unamtetea kwa ajili ya mwanao."

"Kwa ajili ya mwanangu ndiyo maana siwezi kunyamaza," Nukta alisema. "Ningenyamaza, hilo unalosema lingekuwa kweli."

Mwenye daftari la kumbukumbu aliinua kichwa. "Sasa malalamiko yetu tuyachane?"

Hapo nikasimama.

"Msiyachane," nilisema. "Sitini bado hazina wapiga kura, na ziko kwenye hesabu. Nitaandika mimi. Niliyejaza fomu ndiye anayepaswa kusema ilisomwaje. Jumatatu nitaipeleka makao ya jimbo mwenyewe. Ninachoomba ni mashahidi, wasije wakasema nimeandikishwa kwa nguvu."

Nukta hakusema ahsante. Alipangusa meza, akaniwekea karatasi na kalamu, akavuta kigoda cha kijani. Niliandika jina langu, kazi yangu, namba ya kituo. Nilipofika kwenye hesabu nikasita, nikaanza kuichora moja kuwa mstari mtupu, safi, isiyoweza kudhaniwa kitu kingine.

"Hapana," alisema juu ya bega langu. "Andika kama unavyoandika siku zote. Ukibadili mkono leo, hakuna atakayekuamini jana."

Nikaiandika na pua yake. Chini nikaiandika tena kwa maneno, mia mbili kumi na nne, nikatia saini. Wakaja mmoja mmoja. Aliyeshika daftari alitia saini kwanza, kisha mama mmoja aliyesoma barua yote mara mbili akifuata kwa kidole, kisha wengine. Wengine walinitazama usoni kabla ya kuandika, wengine hawakuweza. Walipotimia kumi, kalamu ikamfikia mwenye bucha.

Aliishika bila kuandika.

"Sina ubishi na pua," alisema. "Nimeiona. Lakini kabla sijatia mkono wangu hapa, anijibu jambo moja mbele ya watu. Yeye alimpigia nani kura?"

Nilijua kila mtu alikuwa na swali hilo tangu aliponikuta nimekaa pale. Cheche mwenyewe hajawahi kuniuliza. Nikafikiri: nimekwisha kusema la kazi yangu, kuna nini tena cha kuficha? Kama nikijibu moja, watanipokea; nikijibu lingine, Nukta hataleta posa mpaka kiama. Jibu langu lilikuwa mojawapo ya hayo. Nikafungua mdomo.

"Usijibu," Nukta alisema.

Hakuipandisha sauti. Lakini mwenye bucha alirudi nyuma hatua moja.

"Swali hilo haliulizwi humu ndani. Mke wangu huyu nimekaa naye miaka thelathini, sijawahi kumwuliza."

"Na usianze leo," mama alisema.

"Tunapiga kelele kila siku kwamba kura zetu ziheshimiwe. Halafu tumshike binti wa watu tumvue yake hadharani? Kura ya mtu ni ya mtu. Ni yake leo, na itakuwa yake hata akiwa mkwe wangu."

Mwenye bucha alitazama chini. Akainama, akatia saini kwa herufi kubwa zilizopinda, akarudisha kalamu mezani taratibu, kama kitu kinachoweza kuvunjika.

Cheche alikuwa ameegemea mlango wa nyuma, kinyago kifuani, ananitazama bila kujificha tena, mbele ya baba yake na kamati nzima ya tawi.

"Umesemaje?" mama aliuliza kutoka kwenye cherehani.

"Nimesema kura ni yake," Nukta alijibu.

"Baada ya hapo. Ulimwita nani?"

"Umesikia."

"Mimi nimesikia," mama alisema. "Nataka kujua kama na wewe umejisikia."

Nukta alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa shati, akachukua muda mrefu kuliko vioo vilivyohitaji. Akamtazama mwanawe. Kisha akanigeukia mimi, uso kwa uso, na hakuyahamisha macho.

"Nimejisikia," alisema.